Ujumbe wa Bi Pili

Kengele ya shule ikishalia, Semeni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata njia ya nyuma ya soko, akapita kwa wauza mitumba ambao walikuwa wakimwita kwa sauti, "Fundi! Fundi wa kompyuta, salama?" naye akawapungia mkono kama mtu mkubwa. Akifika dukani kwa shangazi yake alivua viatu mlangoni, maana shangazi hakutaka vumbi liisogelee ile mashine, kisha akakaa kwenye kiti kilichowekewa mto ili aifikie meza vizuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na mtaa mzima ulimjua.

Duka lenyewe lilikuwa moja ya yale yaliyochipuka Morogoro miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye chumba cha mbele akakigeuza duka. Zamani ukitaka kupiga simu ya mbali ulikwenda posta ukapanga foleni. Sasa ulikwenda kwa Bi Mwanvita, huyo shangazi. Alianza na simu moja ya mezani, akaongeza faksi, halafu siku moja akashuka kwenye basi la Dar na kompyuta iliyokwisha tumika, ameifunga kwa blanketi kama mgonjwa anayerudishwa kutoka hospitali. Watu walijaa mlangoni kuiona ikiwashwa.

Na hawakuacha kujaa. Mle dukani mlikuwa na benchi refu, na benchi hilo halikupata kukaa tupu. Abdallah kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni, alishinda pale akiwa na kitana chake sikioni, akisubiri wateja na habari. Habari zilikuwa nyingi kuliko wateja.

Maana duka lilikuwa na anwani moja tu ya barua pepe, na mtaa mzima uliitumia hiyohiyo. Aliye na mtoto Muscat, aliye na kaka Mwanza, mwalimu anayeomba kozi, wote ujumbe wao uliingia mlango mmoja. Semeni aliufungua, akauchapa kwenye printa, akasimama kizingitini na kuita jina. Asiyejua kusoma alisomewa palepale, na benchi nalo likasikia. Ndiyo maana watu walijua nani kaoa, nani kaachwa na nani kaahidi redio hakuileta. Kutuma kulikuwa vivyo hivyo. Mtu alisema, Semeni akaandika, modemu iliyofungwa kwenye waya wa simu ikapiga makelele yake kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha Semeni akageuka na kusema, "Umekwenda." Mtu akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Neno la Semeni lilikuwa ndiyo risiti.

Alasiri moja Bi Mwanvita akiwa ametoka, simu ililia. Semeni akaipokea.

"Naitwa Eric, napiga kutoka Dar, kampuni yenu ya intaneti," ilisema sauti ya kijana. "Nampata Bi Mwanvita?"

"Hayupo. Mimi ndiye ninayeshughulika na kompyuta."

Benchi zima likageuka. Abdallah akaacha hata kutafuna muwa.

"Vizuri. Sikiliza basi, dada," alisema Eric. "Mwisho wa wiki hii tunahamia seva mpya, ule mtambo mkubwa unaopokea na kutuma barua zenu zote. Kupokea hakutabadilika. Lakini kutuma kutabadilika. Seva ya zamani ilikuwa inamtumia yeyote bila kumuuliza, na matapeli wakaitumia kusambaza takataka. Hii mpya itakuuliza wewe nani. Kwa hiyo lazima uingie kwenye mipangilio, sehemu ya seva ya kutuma, utie tiki kwamba inahitaji uthibitisho, na kwenye jina uandike anwani nzima, siyo lile jina fupi. Umenipata?"

Semeni alikuwa amepata maneno mawili: kupokea hakutabadilika. Mengine yalimpita kama gari lisilosimama kituoni. Alitaka kusema, "Rudia, kaka, taratibu." Lakini aliona macho ya benchi zima yamemtazama.

"Nimekupata," alisema.

"Nirudie? Una kalamu?"

"Aa, hapana. Najua."

Alipoweka simu Abdallah akamrukia kwa swali. "Wanasemaje Dar?"

"Wanabadilisha seva," alisema Semeni, akijitahidi kulitamka kama Eric alivyolitamka.

"Seva!" Abdallah akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Sisi tunabadilisha viwembe, mwenzetu anabadilisha seva. Huyu mtoto atakuja kurusha ndege."

Watu wakacheka, Semeni naye akacheka. Shangazi aliporudi aliambiwa watu wa Dar wamepiga na mambo yamekwisha zungumzwa. Alikuwa na haraka ya kwenda msibani, akasema, "Haya, mradi umeelewa."

Wiki mpya ilipoanza, Jumanne, alikuja Bi Pili.

Bi Pili alikuwa mkulima wa kule juu milimani, njia ya Matombo. Siku za soko alishuka na ndizi, iliki na pilipili manga, na alipomaliza kuuza alipitia dukani kupumzisha miguu. Alikuwa mjane, mcheshi, mtu wa kutaniana na Abdallah mpaka kinyozi akaishiwa. Siku ile hakutania mtu. Alitua kikapu chake, akaketi pembeni ya Semeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nina ujumbe mzito. Uandike vizuri."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Tabora, kwa mjomba wangu Pazi. Ni karani kwenye ghala la tumbaku, na ofisini kwao wana hii barua pepe. Simu iko mezani kwa meneja, na meneja haiti makarani." Alivuta pumzi. "Mwambie hivi. Wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi hii. Hashimu analitaka shamba la marehemu mama. Amepata mfanyabiashara wa viungo anayetaka kulichukua lote. Mwambie aje asikose."

"Hashimu ndiye nani?" aliuliza Abdallah kutoka kwenye benchi.

"Mtoto wa mama yangu mkubwa. Shamba lilipokuwa pori hakuwa na haja nalo. Sasa iliki imepanda bei, kila mtu amekumbuka ukoo."

Semeni aliandika, akitafuta herufi mojamoja kwenye vitufe. Bi Pili aliusogelea uso wa kompyuta kama anayechungulia kisima.

"Usinione nasumbua," alisema. "Kwetu shamba ni la upande wa mama, na mwanamke msemaji wake kikaoni ni mjomba. Mjomba akiwa hajapata habari, kikao hakikati neno, kinasogezwa mpaka apatikane. Hiyo ni haki yangu, hata Hashimu hawezi kuivunja. Lakini mjomba akiwa ameambiwa halafu hakutokea wala hakutuma neno, basi amenyamaza. Na mjomba akinyamaza, amekubali. Kwa hiyo wataniuliza mimi: Pazi ameambiwa? Nami nitajibu kama utakavyonijibu wewe. Unanielewa, mwanangu?"

"Nakuelewa, mama."

Semeni akabonyeza kutuma. Modemu ikalia, ikatulia. Kwanza zikaingia barua mpya kama kawaida. Halafu kikatokea kidirisha kidogo chenye Kiingereza kirefu na alama nyekundu. Semeni alikuwa amezoea vidirisha. Kompyuta ile ya mtumba ilivitoa mara kwa mara, na dawa yake ilikuwa moja: kukibonyeza kiondoke. Akakibonyeza. Kikaondoka.

"Umekwenda?" aliuliza Bi Pili.

Barua zimeingia, aliwaza Semeni, kwa hiyo laini ni nzima. "Umekwenda, mama."

Bi Pili akafunga macho kidogo, akamshukuru Mungu, kisha akamwachia kichane cha ndizi mbivu. Alipotoka alimtania Abdallah kuhusu kipara chake, na watu wakasema, naam, sasa huyu ndiye Bi Pili.

Kesho yake kidirisha kilitokea tena. Na tena kwa mteja aliyefuata. Maneno, mtoto wa darasani kwao aliyekuja kuazima daftari, alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Hapa pameandikwa namba," alisema akionyesha kidole kwenye sanduku la barua zinazotoka. "Nilipoingia haikuwa ndogo kuliko hii? Inaongezeka. Si ina maana zimekaa humu ndani?"

Semeni alikuwa ameshaiona ile namba. Alikuwa ameiona, akaangalia pembeni.

"Hizo ni nakala," alisema.

"Nakala zina namba nyekundu? Mwambie shangazi yako aangalie."

"Wewe unajua nini kuhusu kompyuta? Kwenu hata redio hamna!"

Benchi likaangua kicheko. Maneno akachukua daftari alilokuja kuazima akaondoka bila kuaga. Semeni alibaki ametazama ile namba. Palepale angeweza kumwita shangazi, aliyekuwa nyuma ya pazia akihesabu karatasi. Lakini angemwambia nini? Kwamba Eric alieleza, naye akasema najua? Mbele ya Abdallah? Kesho wauza mitumba wangemwitaje?

Alhamisi akaamua kutengeneza kimyakimya. Aliizima kompyuta akaiwasha. Akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha hiki, akafuta kile, akaandika jina fupi mahali ambapo hakujua ni pa nini. Alipojaribu tena, mambo yakawa mabaya zaidi. Sasa hata kupokea kulikataa. Kila alipounganisha, kidirisha kilimdai paswedi, akaiandika, kikamdai tena, akaiandika, kikamdai tena, kama askari wa getini asiyetaka rushwa wala salamu.

"Vipi leo, Fundi, mbona hutuiti majina?" aliuliza mama mmoja aliyengoja habari za mwanawe.

"Laini mbovu, mama, sauti inapita lakini barua hazipiti. Mvua ya milimani imeharibu waya."

Walimwamini. Simu zilikuwa zikiharibika kila mvua inyeshapo, na mvua ilikuwa kweli imenyesha. Hata shangazi alimwamini, akasema ataripoti ubovu huo Jumatatu. Semeni alishangaa jinsi uongo ulivyokuwa rahisi kushinda kompyuta.

Ijumaa, jua likiwa kali, Bi Pili akatokea mlangoni. Alikuwa amefuata chumvi na mchele wa wageni wa kikao. Hakukaa.

"Mjomba amejibu?"

"Bado, mama."

"Bado." Bi Pili akauhamisha mzigo kwenye bega jingine. "Lakini ule wangu ulikwenda?"

Benchi lilikuwa limejaa. Abdallah alikuwa akisimulia kisa cha harusi iliyovunjika, akakatiza kusikiliza. Semeni alimtazama Bi Pili, akatazama benchi. Siyo kwamba hakulijua jibu la kweli.

"Ulikwenda, mama."

"Basi yuko njiani," alisema Bi Pili, na uso wake ukanyooka. "Mjomba si mtu wa maneno mengi. Atashuka tu kwenye gari moshi aje moja kwa moja. Mungu akulinde, mwanangu."

Akaondoka kuwahi lori la kwenda mlimani. Semeni hakula jioni hiyo. Shangazi alidhani ni homa, akampa maji ya limau.

Jumamosi asubuhi mwalimu Agnes aliingia dukani bila hodi, amekasirika.

"Bi Mwanvita, biashara gani hii? Dada yangu amenipigia simu kutoka Arusha anauliza kwa nini simwandikii. Nimemwandikia hapa, nikaambiwa umekwenda. Yeye hajaona hata herufi."

Bi Mwanvita akamtazama Semeni. Semeni akatazama miguu yake. Shangazi hakuwa mtaalamu wa kompyuta, lakini alikuwa na macho. Akaivuta ile mashine, akaanza kusoma majina kwenye sanduku la barua zinazotoka, moja baada ya jingine. La mwalimu Agnes lilikuwemo. La mzee wa mashine ya kukoboa lilikuwemo. La juu kabisa, lililotangulia yote, lilikuwa la kwenda Tabora.

"Semeni," alisema taratibu. "Hili si lile la Bi Pili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kikao si ni leo?"

Semeni akaanza kulia, akayasema yote: simu ya Eric, tiki ambayo hakuielewa, vidirisha, mvua ambayo haikuharibu waya wowote. Abdallah aliyekuwa mlangoni alitaka kusema kitu, shangazi akainua kiganja.

"Piga Dar," alisema shangazi.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema unajua. Piga, na sasa useme hujui."

Eric alikuwa zamuni. Semeni alivuta kamasi, akasema, "Kaka Eric, siku ile sikukuelewa. Nilisema uongo. Naomba unirudie taratibu." Eric akasema, "Haya, dada. Hata wakubwa hawakunielewa, lakini wao walipiga siku ileile. Chukua kalamu."

Laini ilikuwa moja, ya simu na ya kompyuta, kwa hiyo iliwabidi waende kwa zamu. Eric aelekeze, Semeni aandike, akate simu, ajaribu, modemu ilie, ikatae, akate, apige tena. Kwanza wakarudisha alichokiharibu: lile jina fupi liondoke, anwani nzima iandikwe. Kidirisha kikaacha kudai paswedi, barua zikaanza kuingia. Kisha wakaingia sehemu ya seva ya kutuma. Kisanduku kidogo cheupe kilikuwa kitupu. Semeni akatia tiki. Akabonyeza.

Namba ikaanza kupungua. Ujumbe wa Bi Pili ukatangulia, mingine ikaufuata, mpaka sanduku likawa tupu. Kazi yote haikuchukua hata muda wa Abdallah kumnyoa mtu mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Jua lilikuwa limeshapanda. Lori la mlimani lilikuwa limeondoka alfajiri, na kule kwa Bi Pili hapakuwa na simu. Shangazi alitoka akauliza kwa wenye pikipiki, wakasema barabara imekatika kwa mvua, hawaendi. Alirudi akakaa kwenye benchi, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Mchana likaingia jibu kutoka Tabora. Semeni alilichapa, na kwa mara ya kwanza hakusimama kizingitini kuita jina. "Mwanangu Pili, ujumbe wako nimeupata sasa hivi tu. Naondoka na gari moshi la leo. Waambie wazee wasikate neno lolote mpaka nifike. Shamba la dada yangu haligawiwi nikiwa hai. Mjomba wako, Pazi."

Jumapili alfajiri shangazi na Semeni walipanda lori. Barabara ilipokatika walishuka wakaendelea kwa miguu, katikati ya migomba na mito midogo iliyojaa. Bi Pili walimkuta ukingoni mwa shamba lake, amesimama tu, jembe halipo mkononi. Chini yake Hashimu na vijana wawili walikuwa wakipigilia vigingi kati ya mashina ya iliki. Mzee Yunusi, mkubwa wa ukoo, alikuwa akiwaelekeza mpaka.

"Karibuni," alisema Bi Pili. Hakutabasamu. "Mmekuja kuniambia amejibu?"

Semeni akampa karatasi, kisha akakumbuka kwamba Bi Pili hasomi, akaichukua tena akamsomea. Sauti ilimkatika kwenye maneno "nimeupata sasa hivi tu."

"Sasa hivi ya lini?" aliuliza Bi Pili.

"Ya jana mchana, mama. Ujumbe wako haukwenda Jumanne. Ulikaa kwenye kompyuta. Nilijua haujaenda, na Ijumaa nikakwambia ulikwenda."

Bi Pili alimshika Semeni mkono, akamteremsha mpaka kwa Mzee Yunusi. "Mwambie na huyu."

Semeni alisema tena. Hashimu akaacha nyundo, akacheka. "Jana ameapa, leo kaleta mtoto wa kutengua kiapo!"

Mzee Yunusi hakucheka. Alikaa juu ya jiwe.

"Jana tulimuuliza mara tatu," alisema. "Pili, mjomba wako ameambiwa? Akasema ameambiwa. Una hakika? Akasema ujumbe ulikwenda, nimehakikishiwa jana. Tukasubiri mpaka jua likapinda. Hashimu akasema, mjomba kaambiwa na hakuja, amemkana. Sisi tungejibu nini? Angesema tu, sijui kama amepata, tungekula wali wetu tukarudi makwetu mpaka mwezi ujao."

"Basi mzee, si mkae tena?" alisema shangazi. "Ukweli si umejulikana?"

"Neno la kikao limekwisha, mama. Mikono imeshikwa mbele ya mfanyabiashara. Nikilivunja kwa sababu ya kompyuta ya mjini, kesho kila aliyeshindwa ataleta kompyuta yake." Alimtazama Semeni, si kwa hasira. "Umesema kweli, mjukuu wangu. Umechelewa nayo."

Walimruhusu Bi Pili avune iliki iliyokuwa imeshaiva. Hayo tu.

Walipokuwa wakipanda kurudi njiani, Bi Pili alisema bila kumgeukia Semeni: "Kilichoniuma si shamba peke yake. Walipocheka kwamba mjomba amenikana, niliamini. Usiku kucha nilimchukia mtu ambaye hakuwa na habari."

Jumatatu jioni mzee mmoja mrefu aliingia dukani, ana begi dogo na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Benchi lilimjua kabla hajasema jina.

"Hapa ndipo kwa Bi Mwanvita? Naitwa Pazi. Nimeambiwa ujumbe wa mpwa wangu ulitokea hapa." Alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyechoka lakini amefika. "Nitapata gari la Matombo saa hizi? Wazee wananisubiri."

Shangazi akamsukuma Semeni begani, polepole. "Mwambie wewe."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Babu, hawakusubiri. Kikao kimepita, shamba limekwenda kwa Hashimu. Ujumbe ulikwama hapa, nami nikamwambia Bi Pili kwamba umekwenda. Ndiyo sababu hawakusubiri."

Mjomba Pazi aliweka begi chini. Alitazama kompyuta, akatazama benchi lililojaa watu wanaotazama sakafu, akamrudia Semeni.

"Hiyo mashine ilikataa, ikanyamaza tu?"

"Hapana, babu. Kila siku ilitoa kidirisha. Nilikuwa nakifunga."

"Basi mashine haina kosa," alisema. "Kila siku ilisema kweli, nawe kila siku ukaifunga mdomo." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sikiliza, mjukuu. Kutokujua si aibu. Mimi ni karani miaka mingi na hicho kitu sijui hata kinavyowashwa. Lakini mtu akikuuliza jambo anataka kukanyaga juu ya jibu lako, kama mtu anayevuka mto akauliza pana kina gani. Ukijibu usichokijua ili watu wakusifu, sifa unabaki nayo wewe, na anayezama ni yeye. Umeona aliyezama."

"Nimeona, babu."

"Na shangazi yako naye ameona, na hawa wote waliokuita fundi." Aliinua begi. "Hakuna mtoto aliye fundi. Kuna mtoto anayejifunza, na wakubwa wanaopaswa kumuuliza."

Abdallah alijitolea kumbebea begi mpaka stendi. Mzee alikataa. Alisema anakwenda kwa mpwa wake, si kwa ajili ya shamba tena, bali ili Pili amwone kwa macho yake kwamba hakumkana. Akatoka.

Mama aliyengoja habari za mwanawe alisogea mezani, akaanza kutaja ujumbe wake kwa sauti ya chini. Semeni aliandika. Shangazi alivuta kiti akakaa ubavuni mwake, akatazama kila herufi.